Plagini Ikae kwa Nani?

Nzega ni njia panda. Barabara itokayo Tabora inakutana hapa na ile itokayo Singida kupitia Igunga, na wasafiri wa Shinyanga, Mwanza na Kahama wanapishana hapa usiku na mchana. Katika mji wa namna hii kompyuta moja hutumiwa na watu wengi. Asubuhi inachapa barua ya kuomba kazi, mchana inatengeneza kadi za sendofu, jioni inarekodi kwaya.

Mjadala huu nimeupanga katika steshenari ya kubuni mjini Nzega, yenye chumba kidogo cha kurekodia sauti kwa nyuma na kompyuta tano zinazotumia Debian, moja ya distro, yaani mikusanyo ya Linux iliyo tayari kutumika. Wanaozungumza ni wanne. Fundi ndiye anayezitunza kompyuta hizo. Prodyuza ni kijana anayerekodi muziki. Mama ndiye mwenye duka na ndiye anayelipia bando. Mwalimu anafundisha historia sekondari, na shule imempa pia chumba cha kompyuta akisimamie. Watu hao nimewabuni, lakini hoja zao ni za kweli, na yeyote anayetunza Linux yenye watumiaji zaidi ya mmoja atakutana nazo.

Swali lao ni hili: programu-jalizi, au plagini kama vijana wanavyoiita, ile programu ndogo inayochomekwa kwenye programu kubwa ili kuiongezea uwezo, iwekwe wapi ndani ya Linux? Wengi wanaona hilo ni la mafundi peke yao. Mimi naliona ni la kila anayekaa mbele ya kompyuta ya shirika, kwa sababu jibu lake ndilo linaloamua ataitwa nani siku kazi ya mteja ikikwama.

Prodyuza: Wazee wangu mniwie radhi, naanza mimi. Plagini yangu ikae kwangu. Juzi nimepakua plagini ya mwangwi ya aina ya LV2. Nimeitia kwenye folda inayoitwa .lv2, ndani ya folda yangu ya nyumbani, nikafunga Ardour, programu yetu ya kurekodia, na kuifungua tena, nikaikuta kwenye orodha. Sikuomba nywila ya mtu. VST3 nazo zina folda yake, .vst3, hapo hapo nyumbani. Waliotunga utaratibu huu wenyewe wameniachia mlango. Kwa nini nimsubiri Fundi mpaka arudi kutoka Bukene?

Fundi: Mlango upo, kijana wangu, na sitaufunga. Ila nyumba hii ina vyumba zaidi ya kimoja, na mpangilio wake umeandikwa. Mwongozo wa kwanza wa folda za Linux ulitoka Februari 1994, Linux yenyewe ikiwa haijafikisha miaka mitatu. Toleo la 3.0 lilitoka Juni 2015 chini ya Linux Foundation. Mwongozo huo unasema hivi: /usr ni mahali pa distro. /usr/local ni pa msimamizi wa kompyuta, kwa vitu anavyoviingiza mwenyewe, na sasisho la mfumo halitakiwi kuvigusa. /opt ni pa programu za nyongeza zinazokuja na kila kitu chake ndani ya folda moja. /home ni pa watumiaji, kila mtu na pake. Ardour inatafuta plagini za LV2 nyumbani kwako, inatafuta /usr/local/lib/lv2, inatafuta na /usr/lib/lv2. Popote utakapoiweka kati ya hapo itafanya kazi. Kwa hiyo ukiniambia "imefanya kazi," bado hujanijibu kitu.

Prodyuza: Sasa nikujibu nini, mzee?

Fundi: Sogea hapa kwenye kompyuta namba tatu. Hii ni folda ya /usr/lib/ladspa. Ndani yake kuna faili sc4_1882.so, kompresa ya Steve Harris ambayo wewe mwenyewe unaitumia kila siku. Naandika dpkg -S, amri ya kuuliza faili ni la kifurushi gani, halafu njia kamili ya faili. Umeona? Inanijibu kuwa faili hili ni la kifurushi cha swh-plugins. Kifurushi hicho kina watu wanaokitunza kule Debian. Kasoro ikigunduliwa wataisahihisha, na apt, amri inayoleta vifurushi kutoka ghala la Debian, itatuletea sahihisho. Sasa naandika maneno yale yale kwa faili hili jingine la pembeni yake. Inajibu kwamba hakuna kifurushi kinacholitambua. Lilitoka wapi? Ni toleo gani? Nani alilileta? Mtu alipata nywila yangu, akaandika sudo cp, yaani akalinakili kwa mamlaka ya msimamizi, akaenda zake. Limekaa katikati ya mafaili ya Debian, sura ni ile ile, na Debian haina habari nalo. Siku kifurushi chochote kikija na faili la jina hilo na mahali hapo, dpkg italifunika kimya kimya bila kuuliza, kwa sababu kwenye kumbukumbu zake faili hilo halina mwenyewe. Watu wameigeuza /usr/lib kuwa shamba la bibi.

Prodyuza: Hilo nakubali, lakini mimi sijagusa /usr/lib. Nimeweka kwangu.

Mama: Ngoja nami niseme, mwanangu, maana mlipaji ni mimi. Mwaka jana palikuwa na kijana mwingine akirekodi hapa, mchapakazi kweli. Akahamia Kahama, akaunti yake ikafutwa. Baada ya muda kwaya ikarudi inataka kuongeza sauti ya tatu kwenye wimbo wao. Mradi umefunguka, Ardour ikatuambia plagini hazipo. Mwangwi hakuna, kompresa hakuna, wimbo mkavu kama umeimbwa chini ya bati. Kwaya haikumjua yule kijana, ilinijua mimi. Pesa walilipa kwangu.

Prodyuza: Mama, pole. Lakini hapo kosa halikuwa la folda. Prodyuza anayejua kazi akimaliza wimbo anatoa kila sauti kwenye faili lake la WAV, ile iliyokwisha kupitishwa kwenye plagini na ile kavu. Ukiwa na hizo, hata Ardour yenyewe ikifutika wimbo upo.

Fundi: Umesema kweli, na hilo liandikwe kuwa sheria ya studio. Hata hivyo WAV zinakuhifadhia matokeo tu. Kwaya ilitaka kazi iendelee pale ilipoishia, na kazi haiendelei bila vifaa vyake.

Mama: Na bando je? Wewe unapakua gigabaiti mbili za sauti za piano kwenye akaunti yako. Mwenzako wa zamu ya jioni haoni folda yako, anapakua zile zile kwenye ya kwake. Diski imejaa na bando limeisha, na piano ni moja.

Mwalimu: Naomba niingie hapo, Mama. Mimi sirekodi muziki, ila shuleni jambo ni lile lile. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili. Leo LibreOffice ina kamusi ya kukagua tahajia ya Kiswahili. Ni mafaili mawili, sw_TZ.dic yenye maneno na sw_TZ.aff yenye kanuni za viambishi. Mwanafunzi mmoja hodari aliingiza kamusi hiyo kama kiendelezi kwenye akaunti yake. Insha yake ikasahihishwa vizuri. Kesho yake kakaa mwingine kwenye kompyuta ile ile kwa akaunti nyingine, na karibu kila neno la Kiswahili likapigiwa mstari mwekundu kana kwamba mtoto hajui lugha yake. Fikirieni hilo kwa mtoto wa kidato cha kwanza, ndiyo mara yake ya kwanza kushika kompyuta. Anaamini mashine kuliko anavyojiamini.

Fundi: Dawa yake ni nyepesi, mwalimu. Mafaili yale mawili yakiingia /usr/share/hunspell kupitia kifurushi cha distro, kila akaunti inayaona. Na kama ni kiendelezi cha .oxt, nakiingiza kwa amri ya unopkg yenye chaguo la --shared, kinakuwa cha wote. Mwanafunzi akikiingiza mwenyewe, kinaishia kwenye wasifu wake.

Mwalimu: Basi hapo ndipo ninapopata msimamo wangu. Kitu ambacho kila mtu anakihitaji kisikae chumbani kwa mtu mmoja. Kamusi ya Kiswahili kwenye kompyuta ya shule ya Tanzania ni haki ya kila atakayekaa pale.

Prodyuza: Kamusi sawa, mwalimu. Kamusi haibadiliki kila mwezi. Lakini muziki unabadilika. Debian 12 ilitoka Juni 2023, Debian 13 ikatoka Agosti 2025. Katikati hapo apt inaniletea masahihisho ya kasoro na usalama, basi. Plagini yenye uwezo mpya inabaki nje ya mlango miaka miwili. Mteja wangu kasikia mlio kwenye redio leo, anautaka leo. Na plagini nyingine hazimo kabisa kwenye ghala la Debian. Mkisema kila kitu kipitie distro, mnaniambia nikae na vifaa vya juzi.

Fundi: Sijasema kila kitu kipitie distro. Ndiyo maana kuna /usr/local. Kanuni za Debian zinakataza vifurushi vyake kuweka mafaili pale. Huko ni kwangu mimi msimamizi. Plagini isiyokuwa kwenye ghala, au ambayo toleo la ghalani limepitwa, naiweka /usr/local/lib/lv2. Watumiaji wote wanaiona, na apt haiifuniki.

Prodyuza: Na nani ataisasisha hapo?

Fundi: Mimi. Hiyo ndiyo gharama yake, na lazima isemwe wazi. Kilichoko /usr kinasasishwa na watu wa distro. Kilichoko /usr/local, nisipokisasisha mimi hakuna wa kukisasisha. Kilichoko nyumbani kwako ni juu yako. Ukiniuliza plagini ikae wapi, mimi nakuuliza nani ataihangaikia mwaka kesho. Ukishamtaja huyo, folda imejulikana.

Mwalimu: Hilo hata historia ya njia ya misafara iliyopita Tabora inalishuhudia. Mvumbuzi David Livingstone alipofika Ujiji Oktoba 1871, amechoka na mgonjwa, alikuta shehena aliyoletewa kutoka pwani imekwisha kuuzwa na mtu aliyekabidhiwa. Mzigo ulikuwa umefika mahali palipotajwa. Kilichokosekana ni mtu wa kuujibia.

Prodyuza: Mwalimu, historia hiyo usiisome upande mmoja. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba mzigo wa tajiri, na juu yake walibeba wa kwao: mkeka, chungu, na kitu kidogo cha kubadilishana njiani. Ule mdogo hakuna tajiri aliyeupangia. Bila huo mpagazi asingefika Bagamoyo. Mimi nauomba ule mdogo.

Mwalimu: Hapo umenena, mwanangu. Siwezi kukupinga.

Mama: Mimi swali langu ni usalama. Vijana wanapakua plagini za kulipia zilizovunjwa ufunguo, kwenye tovuti ambazo hata jina lake huelewi. Hizo zikiingia humu, na kwenye kompyuta hizi kuna vyeti vya watu na namba za vitambulisho vyao, itakuwaje?

Fundi: Swali zito hilo, Mama. Plagini si picha wala wimbo. Ni programu, na inafanya kazi kwa mamlaka ya yule aliyefungua programu kubwa. Ikiwa ndani ya folda ya kijana, inaweza kusoma na kufuta kila kitu ambacho kijana mwenyewe anaweza kukisoma na kukifuta. Huo ni ubaya wa kutosha, lakini unaishia kwake. Ikiwa /usr/local, kila atakayeifungua naye yumo. Na ubaya mkubwa kuliko yote ni ule msakinishaji unaopakuliwa mtandaoni na kuendeshwa kwa sudo. Hapo umeipa programu usiyoijua mamlaka juu ya kompyuta nzima, hata kabla ya plagini yenyewe kufanya kazi.

Prodyuza: Kwa hiyo kumbe kwangu ndiko salama zaidi pa kujaribia.

Fundi: Pa kujaribia, ndiyo. Na ukitaka pawe salama zaidi, nikufungulie akaunti ya majaribio isiyo na faili la mteja hata moja. Plagini ya wizi hata humo siitaki.

Prodyuza: Nakubali akaunti hiyo. Lakini msiniambie distro ni malaika. Machi 2024 si ilikutwa mlango wa siri ndani ya xz, programu ya kubana mafaili? Ilishaingia kwenye distro.

Fundi: Iliingia, kweli. Andres Freund aliigundua kwa sababu aliona kuingia kwenye kompyuta ya mbali kwa SSH kunachelewa kama nusu sekunde, akafuatilia mpaka akaupata mzizi. Lakini tazama ilifika wapi. Ilikuwa kwenye matawi ya majaribio ya Debian na kwenye Fedora iliyokuwa bado inaandaliwa. Debian imara, hii tunayotumia sisi, haikuguswa. Na waliokuwa na toleo bovu waliletewa lililo safi kwa sasisho moja. Nguvu ya distro haitokani na kutokosea. Inatokana na kuwa na njia moja ya kumfikia kila mtu ikikosea. Plagini uliyoitia kwenye .lv2 ikigundulika ina kasoro, nani atakutafuta Nzega akuambie?

Mama: Hakuna.

Prodyuza: Haya. Lakini kuna jambo ambalo folda zako zote, mzee, hazilijibu. Nikichukua Ardour kutoka Flathub, ghala la programu la mtandaoni, inakuja kwa Flatpak. Flatpak inaifungia programu kwenye chumba chake. /usr inayoiona ni ya humo ndani, si ya kompyuta hii. Plagini zote ulizoziweka /usr/lib/lv2, hata za /usr/local, haizioni. Ule mwongozo wako wa 1994 hapo umekwisha.

Fundi: Umenibana vizuri. Ndiyo, Flatpak imebadilisha folda. Plagini za sauti huko zinakuja kama viendelezi vya Flatpak vyenyewe, chini ya jina la org.freedesktop.LinuxAudio.Plugins. Ukisakinisha plagini kwa apt wakati Ardour yako imetoka Flathub, umepoteza bando. Lakini hebu tazama Flatpak inakuuliza nini. Unasakinisha kwa --system au kwa --user? Ya kwanza inakwenda /var/lib/flatpak, ya watu wote. Ya pili inakwenda .local/share/flatpak nyumbani kwako. Folda zimebadilika majina, swali limebaki lile lile: hii ni ya nani?

Mwalimu: Kwa hiyo anayekariri njia za folda atapotea, na anayejua kuuliza ni ya nani hatapotea.

Fundi: Kukariri hakusaidii hata bila Flatpak, mwalimu. Zile kompyuta zako mbili za Fedora zinaweka plagini za LV2 kwenye /usr/lib64/lv2. Kijana akifuata maelekezo yaliyoandikwa kwa ajili ya Ubuntu, atanakili mafaili kwenye /usr/lib na programu haitayaona, atasema Linux mbovu. Kifurushi cha distro kinajua chenyewe kwake ni wapi.

Mama: Na GIMP, ile tunayotengenezea kadi? Kadi za harusi ndizo zinazolipa kodi ya chumba hiki.

Fundi: GIMP ni mfano mzuri. Inaweka plagini za mtumiaji ndani ya .config/GIMP, kwenye folda yenye namba ya toleo. Za 2.10 ziko kwenye 2.10, za 3.0 kwenye 3.0. GIMP 3.0 ilipotoka Machi 2025, nyingi za zamani hazikufanya kazi tena mpaka ziandikwe upya. Toleo jipya linataka kila plagini iwe ndani ya folda ndogo yenye jina lake, na faili lipewe ruhusa ya kuendeshwa kwa chmod. Sasa mtu mwenye plagini kumi alizoziokota moja moja ana maswali kumi ya kujibu, peke yake. Zilizotoka ghalani, distro ndiyo yenye kazi ya kuhakikisha zinalingana na GIMP iliyokuja nazo.

Prodyuza: Bado bando. Mzee, wewe unasema apt, apt, apt. Na apt nayo inakula bando.

Fundi: Inakula mara moja, ukijua kuitumia. Kwenye kompyuta namba moja naandika apt-get install -d, inapakua bila kusakinisha. Vifurushi vinakaa /var/cache/apt/archives. Navitia kwenye flashi, naenda kompyuta namba mbili mpaka namba tano, naviweka kwenye folda ile ile, na apt ikivikuta pale haivipakui tena. Zote ziwe Debian ya toleo moja, na orodha zao za vifurushi ziwe zimesasishwa. Na tumia apt-get, maana amri fupi ya apt ikishasakinisha inavifuta. Bando la kompyuta moja linahudumia tano. Na umeme ukikatika katikati ya upakuaji, ukirudi inaendelea ilipoishia. Zile ulizozichukua tovuti kwa tovuti huwezi kuzisambaza hivyo bila kukumbuka kila moja inataka maktaba gani.

Mama: Hapo sasa tunaelewana. Basi tufunge. Mimi nataka utaratibu niubandike ukutani.

Fundi: Mambo manne. Kwanza, mtu akitaka kujaribu, ajaribu kwenye folda yake au kwenye akaunti ya majaribio, bila sudo na bila kumwomba mtu. Pili, plagini ikishatumika kwenye kazi ya mteja haibaki tena nyumbani kwa mtu. Tunaitafuta kwanza kwenye ghala la distro. Tatu, isipokuwepo ghalani, inakwenda /usr/local, na inaandikwa. Ikiwa ni ya kulipia na imekuja na kila kitu chake, inakwenda /opt, nayo inaandikwa. Nne, hakuna mkono wa mtu kuweka faili /usr/lib. Humo wanaingia apt na dpkg peke yao.

Mama: Kuandikwa ndiyo napenda. Mali bila daftari huisha bila habari. Daftari liwe na jina la plagini, toleo, ilikotoka, tarehe, na jina la aliyeileta.

Prodyuza: Nakubali yote manne, kwa sharti moja, na sharti hili silishushi. Fundi anayeshika nywila awe na muda wa kujibu. Nikileta plagini ya kwenda /usr/local leo, nisikae wiki mbili. Mkinifungia mlango na mwenye ufunguo haonekani, nitarudi kwenye sudo za kuiba, na vijana wengine watarudi kwenye programu zilizovunjwa ufunguo. Sheria isiyo na huduma inazaa magendo.

Fundi: Sharti hilo ni la haki. Siku tatu zinanitosha. Na nikisafiri, folda ya /usr/local/lib/lv2 nitaipa kundi maalumu ruhusa ya kuandika, na Mwalimu awe ndani ya kundi hilo. Ataweza kuongeza plagini pale bila kuwa na nywila ya mfumo mzima.

Mwalimu: Napokea. Ila nami sitaingiza kitu ambacho hakijaandikwa.

Hapo mjadala wao umeishia, na mimi mwandishi sitaki kujificha nyuma ya sauti zao. Nasimama na Fundi katika msingi, na nasimama na Prodyuza katika sharti lake.

Msingi ni kwamba folda ni tamko la uwajibikaji. Anayeweka plagini /usr kupitia kifurushi anasema: naikabidhi kwa watu wa distro, nitafuata masahihisho yao. Anayeiweka /usr/local anasema: mimi msimamizi nitaibeba. Anayeiweka nyumbani kwake anasema: hii ni yangu, nikiondoka itaondoka nami. Kila moja ya kauli hizo ni halali. Kisichokuwa halali ni kuweka kitu mahali panapotoa kauli ya uongo, kama faili lililotupwa /usr/lib kwa mkono, linaloonekana lina watunzaji wakati halina hata mmoja. Vile vile kamusi ya shule iliyofichwa kwenye akaunti ya mwanafunzi mmoja, na mwangwi wa wimbo wa kwaya ulioko kwenye akaunti inayoweza kufutwa kesho.

Sharti la Prodyuza lina uzito sawa na msingi huo. Linux ilipata nguvu kwa sababu ilimruhusu mtu yeyote kufungua, kujaribu na kubadilisha. Msimamizi anayetumia mpangilio wa folda kuwanyima vijana nafasi ya kujaribu ameushika mwongozo na kuiacha sababu yake. Waliouandika waliacha nafasi ya distro, nafasi ya msimamizi na nafasi ya mtumiaji, zote tatu. Nafasi ya kujaribu ibaki wazi muda wote bila ruhusa ya mtu, na njia ya kutoka kwenye majaribio kwenda kwenye matumizi ya wote iwe fupi na yenye mtu anayejibu.

Kwa miji yetu jambo hili ni zito kuliko inavyodhaniwa. Penye intaneti ya bei nafuu na mafundi wengi, plagini isiyo na mwenyewe ni usumbufu wa saa moja: mtu anafuta, anapakua upya, anaendelea. Nzega, ambako bando linapimwa na fundi mmoja anahudumia ofisi, shule na studio, usumbufu huo huo ni siku nzima ya kazi iliyopotea na mteja aliyekwenda kurekodi Tabora. Kwa hiyo wanaofundisha kompyuta, vyuoni na mitaani, wasiishie kumwonyesha kijana namna ya kusakinisha. Somo hilo hilo limfundishe kuuliza dpkg faili ni la nani, kunakili vifurushi kwa flashi, na kuandika daftarini kila anachokiweka /usr/local. Hayo yanafundishika kwa mchana mmoja, na shule au studio yoyote yenye kompyuta mbili inaweza kuyaanza wiki hii.